Nataka kuchora tatuu ya nembo za usoni mwa bibi yangu Mmakonde: nianzie wapi kuipanga?

#1 MjukuuWaNewala (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana kijijini kwao, wilayani Newala. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwisho pale kijijini waliokuwa na nembo usoni: pembe, yaani mistari inayokutana kama herufi V, zilizopangwa moja ndani ya nyingine kwenye mashavu yote mawili, na mstari wa nukta juu ya nyusi. Nilipokuwa mtoto nilizoea kuzifuata pembe hizo kwa kidole mpaka usingizi unichukue. Sasa nina miaka 31, naishi Dar es Salaam, na nimeamua kuchora tatuu moja tu maishani mwangu, nayo ni hiyo.

Shida ni kwamba nimebaki na picha yake moja tu ya rangi nyeusi na nyeupe, aliyopigwa akiwa msichana, amesimama mlangoni amejitanda kanga. Katika picha hiyo shavu lake la kulia lina pembe nne na la kushoto lina pembe tatu. Mchoraji mmoja niliyemwendea alitaka kunichora siku ileile kwa kutazama simu yangu, nikaogopa, nikaaga na kuondoka. Naomba mnieleze mchoro wa namna hii hupangwaje, ukae sehemu gani ya mwili, na nembo hizi zilikuwa na maana gani ambayo napaswa kuijua kabla sijaibeba.

#2 FundiSindano (Arusha)

Pole kwa msiba, dada. Umefanya vema kuondoka. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi hii, na kwangu mtu anayetaka kukuchora kwa kutazama kioo cha simu, bila kuchora kwanza kwenye karatasi, bila kupima mkono wako na bila kukuona umesimama wima, bado hajaanza kazi.

Anza na ngozi yako. Wino haukai juu. Sindano huupeleka katika ngozi ya ndani, milimita 1 hadi 2 chini, kisha tabaka la juu, ambalo hujibandua na kujijenga upya takriban kila mwezi, hupona na kuufunika. Kwa hiyo wino wako utautazama kupitia rangi yako mwenyewe siku zote za maisha yako. Katika ngozi nyeusi, wino mweusi husomeka vizuri na hudumu, lakini njano, waridi na nyeupe hufifia au hugeuka rangi ya udongo. Bahati yako ni kwamba nembo ya bibi ni mistari mitupu, na ile ngozi iliyoachwa wazi kati ya mstari na mstari ndiyo itakayokuwa rangi yako ya pili. Iheshimu kama unavyouheshimu wino.

Usikubali mistari isongamane ili tu mchoro uonekane mdogo na wa kupendeza. Wino hutanuka polepole ndani ya ngozi, na mistari miwili iliyoachana kwa upana wa uzi leo itakuwa mstari mmoja mnene baada ya miaka kumi na kitu. Pembe nne zinahitaji upana unaokaribia kiganja chako.

Kuhusu mahali, vidole, viganja na nyayo hupoteza wino mapema, na kwenye kiwiko ngozi hujikunja mno. Mimi ningekushauri upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko. Lakini pembe zina mwelekeo: zikitazama chini mkono ukiwa umening'inia, zitatazama juu utakapounyanyua. Amua kwanza ni nani anayezisoma, wewe au anayekutazama, maana hapo ndipo mchoro mzima unapogeuka.

#3 BintiKilindini (Mombasa)

Kabla ya sindano kuna hina, dadangu. Saga majani, chora mchoro huohuo kwa ukubwa uleule mahali palepale unapopataka, uache. Siku ya kwanza utaona rangi ya chungwa, na baada ya siku mbili itakuwa kahawia iliyoiva. Itakaa wiki moja hadi tatu kulingana na ngozi na maji unayoshika. Katika muda huo nenda kazini nayo, nenda msibani nayo, jitazame ukioga. Mchoro usioupenda siku ya kumi hautaupenda mwaka wa kumi.

Nakusihi jambo moja: usikubali piko badala ya hina kwa sababu ni nyeusi na inafanana zaidi na tatuu. Piko ile ni rangi ya nywele, ina kemikali iitwayo parafenilenidiamini, nami nilimwuguza mdogo wangu aliyepakwa siku ya harusi akatoka malengelenge mkono mzima. Ua lilelile la hina limebaki mkononi mwake kama kovu la moto.

#4 MzeeWaTandahimba

Mwanangu, nimefurahi kuona kijana anauliza kwanza.

Kwetu mchoro huo huitwa dinembo. Haukuwa wino wa dukani. Mtaalamu alichanja ngozi kwa kisu kidogo, kisha akasugua ndani ya mikato unga wa mkaa wa mbegu za nyonyo, na kovu likapona na rangi ya bluu iliyokolea. Haikuisha siku moja. Mtu alirudi mara ya pili na ya tatu mpaka mistari ikakolea, na aliyelia sana nembo yake ilibaki nusu, watu wakajua. Wanaume walichorwa na wanawake walichorwa, usoni, kifuani, tumboni na mgongoni.

Kuhusu maana, wazee wetu walituambia kwamba nembo zilianza wakati wa biashara ya watumwa. Wamakonde walijichanja nyuso, na wanawake wakavaa ndonya, kile kipande cha mti, mdomoni, ili wafanyabiashara wawaone hawafai kununuliwa, na ili aliyechukuliwa aweze kutambulikana na ndugu zake popote atakapofika.

#5 MsomaNyaraka

Shikamoo Mzee. Nakubaliana na maelezo yako ya namna zilivyochanjwa, ila sehemu ya utumwa naomba niipinge kwa heshima.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 chini ya Sultani Barghash, na biashara yenyewe ikafifia katika miongo iliyofuata. Kama nembo zilikuwa ngao dhidi ya wanunuzi wa watu, kwa nini wasichana waliendelea kuchanjwa hata miaka ya 1950, akiwemo bila shaka bibi wa mleta mada? Tena Wamakua na Wayao, majirani zenu, nao walikuwa na alama zao usoni, na wengi wao walichukuliwa pamoja na alama hizo. Naona hadithi ya utumwa ilikuja baadaye, ili kumjibu mgeni aliyeuliza kwa nini mnajiumiza. Maana ya kwanza nadhani ilikuwa uzuri na utu uzima: aliyevumilia kisu amekuwa mtu mzima.

#6 MgangaWaKata

Nipo katika sekta ya afya, nami nitajifunga kwenye mwili.

Dada, una kovu lolote lililoota nyama, kwa mfano ulipotobolewa masikio au ulipochanjwa? Kovu la aina hiyo, yaani keloidi, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa kifuani, mabegani na kwenye ndewe za masikio. Kama unalo hata moja, au mama yako analo, zungumza na daktari wa ngozi kabla ya mchoraji, na usichore kifuani wala begani hata kama mchoro unapendeza hapo.

Jambo la pili ni maambukizi. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza, na havionekani kwenye chuma kinachong'aa. Sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, wino umiminwe kwenye kikombe kipya na usirudishwe chupani, na vifaa vinavyotumika tena vipitie otoklevu, ambayo hupika kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Spiriti peke yake haitoshi. Ipo chanjo ya homa ya ini B, na hupangwa kwa dozi tatu katika muda wa miezi kadhaa, kwa hiyo mtu anayepanga mchoro kwa utulivu kama wewe anao muda wa kuimaliza.

#7 AbuSwafiya

Kwa Waislamu wanaosoma uzi huu: zipo hadithi sahihi, katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuchora chale za wino na mwenye kuchorwa. Hina inaruhusiwa. Sijui dini ya mleta mada, na simhukumu bibi yake. Nimeona niseme ili asiyejua ajue.

#8 MamaWawili

Hata katika Biblia lipo katazo, Mambo ya Walawi 19:28, nalo linataja wazi chale kwa ajili ya wafu, jambo ambalo linagusa moja kwa moja nia ya dada yetu. Lakini Wakristo Wakopti wa Misri huchora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono, na nyanda za juu za Ethiopia utaona wanawake Waorthodoksi wenye msalaba katikati ya paji la uso. Kanisa halikuisoma aya hiyo kwa namna moja kila mahali. Zungumza na kiongozi wako wa kiroho, kisha na mama yako mzazi. Kwangu mimi la mama lingekuwa zito zaidi.

#9 MsambweniKwetu (Kwale, Kenya)

Nimesoma uzi huu kimya tangu asubuhi. Nimeshindwa kunyamaza.

Sisi ni Wamakonde wa Kwale. Babu zetu walivuka kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, wakazaa, wakazeeka, na kwa miongo mingi wakaishi bila vitambulisho. Bibi yangu alikuwa na nembo kama za bibi yako. Alipokwenda kuomba karatasi yoyote katika ofisi, alijibiwa kabla hajafungua mdomo, kwa sababu uso wake ulikuwa umeshawaambia kwamba si wa hapa. Alifika mahali akawa anashusha kanga mpaka machoni akipita sokoni. Mwezi Oktoba 2016 watu wetu walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, na mwaka uliofuata Wamakonde wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Bibi hakuwahi kuiona siku hiyo.

Kwa hiyo, ndugu MsomaNyaraka, wewe unasema uzuri na utu uzima, na Mzee anasema utambulisho. Bibi yangu, kila alipoulizwa, alisema neno moja: "Kwetu." Sijui niliweke upande gani. Najua tu kwamba alama ileile iliyomtambulisha kwa ndugu zake ilimfungia mlango kwa wengine, na dada anayetaka kuibeba mkononi mahali panapoonekana ajue kwamba inabeba vyote viwili.

#10 MjukuuWaNewala (mleta mada)

Asanteni sana nyote. Bandiko #9 nimelisoma mara tatu na nimemsomea mama kwa simu.

FundiSindano, nimeamua anayezisoma niwe mimi. Zitazame kwangu, kama nilivyozitazama nikiwa nimelala kando yake. MgangaWaKata, sina keloidi, na chanjo nimepata dozi ya kwanza jana. Kinachonikwaza bado ni picha. Nimeikuza, ninanakili mistari juu ya karatasi ya kupitisha mwanga, lakini kila nikimaliza naona kama si uso wake. Siwezi kueleza kwa nini.

#11 PichaZaZamani (Tanga)

Dada, nilifanya kazi ya kusafisha picha katika studio kwa miaka mingi kabla ya kamera za kidijitali. Nakuomba ufanye jambo moja: hiyo kanga aliyojitanda ina maandishi? Kama yanaonekana hata herufi mbili, tazama kama zinasomeka.

#12 MjukuuWaNewala (mleta mada)

Nimetazama kwa kioo cha kukuzia. Yanaonekana kidogo karibu na kiwiko. Herufi zimepangwa kinyume. Niliposimamisha picha mbele ya kioo cha kabati ndipo nikasoma neno "MAMA".

#13 PichaZaZamani (Tanga)

Ndivyo nilivyohofia. Negativu ikiwekwa kinyume kwenye mashine, picha hutoka kinyume, kushoto kukawa kulia, na pasipo maandishi hakuna anayegundua. Uso wa mtu haulingani pande mbili, ndiyo maana moyo wako ulikuwa unakataa. Shavu lenye pembe nne ni la kushoto.

#14 MjukuuWaNewala (mleta mada)

Nilikuwa nikilala upande wake wa kushoto. Siku zote nilikumbuka kwamba shavu lililokuwa karibu nami ndilo lililojaa zaidi, na kwa sababu ya picha hii nilidhani kumbukumbu yangu ndiyo iliyokosea.

#15 FundiSindano (Arusha)

PichaZaZamani, nakuvulia kofia. Miaka tisa ya kutazama picha za wateja, na sijawahi kuuliza swali hilo hata siku moja. Kuanzia leo nitaliuliza.

Niongeze kwamba hatari hiyohiyo ipo kwenye karatasi ya kunakilia ambayo sisi wachoraji hubandika kwenye ngozi ili ituachie alama za kufuata. Ikitayarishwa upande usio wake, mchoro mzima hugeuka. Weka alama ndogo ya "juu" na "kushoto" kwenye karatasi yako mwenyewe, na baada ya kubandikwa usimame mbele ya kioo uhesabu pembe zako kabla mashine haijawashwa. Mchoraji akionyesha kukereka kwa kuhesabiwa, vaa viatu vyako uondoke.

#16 MpembaMuscat

Haya ya kugeuka yalinipata mimi kwa njia nyingine. Nikiwa na miaka 22, ughaibuni, nilitaka jina la marehemu mama yangu kwa herufi za Kiarabu. Mchoraji hakuzijua herufi hizo, akalinakili jina kutoka kwenye kompyuta ambayo programu yake ilizitenganisha na kuzipanga kuanzia kushoto. Herufi za Kiarabu hushikana na husomwa kutoka kulia, kwa hiyo nilichonacho begani si jina la mtu yeyote. Nilikuja kuishi kati ya watu wanaosoma maandishi hayo kila siku, na nimevaa mikono mirefu tangu hapo. Kama mchoro wako una maandishi ya aina yoyote, hata Kiswahili chetu hiki, mpe mtu mwingine ayasome kwa sauti kwenye karatasi kabla hujalala kitandani.

#17 MsukumaWaMjini

Pole sana, ndugu yangu wa Muscat. Ule uwezo wa kufuta kwa leza umeuulizia?

Kisha nina neno kuhusu zile nukta juu ya nyusi, ambazo naona mmezipita haraka. Kwetu Usukumani watu walichanjwa chale ndogondogo kwenye paji la uso na karibu na masikio kwa ajili ya maumivu ya kichwa, dawa ikasuguliwa ndani, na kovu likabaki maisha yote. Hata yule mtu wa kale aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ana alama 61 za mkaa mwilini, nyingi zikiwa karibu na viungo vilivyoonyesha uchakavu, na wataalamu kadhaa wanadhani zilikuwa tiba. Inawezekana pembe ni nembo na nukta ni dawa. Ukizichora pamoja kama pambo moja, utakuwa umeunganisha ukoo wa bibi na kipandauso chake.

#18 MpembaMuscat

Nimeulizia. Kwa ngozi yetu daktari alisema leza ifaayo ni ile ya nanomita 1064, kwa sababu rangi ya ngozi haiinyonyi sana, na kwamba nitahitaji vipindi vingi vilivyoachana kwa wiki 6 hadi 8. Mweusi hutoka kwa urahisi zaidi kuliko kijani na njano. Bado ninaweka akiba.

#19 MwanaWaMchongaji (Mwenge)

Baba yangu alichonga vinyago Mwenge hadi mikono ilipokataa. Mzee na Msukuma mmenigusa wote wawili.

Barakoa za mapiko, zile za ngoma ya Wamakonde, zina nembo zilezile za usoni. Nyingine zimechongwa kwenye mti wenyewe, na nyingine zimewekwa kwa vipande vyembamba vya nta ya nyuki vilivyobandikwa juu. Nilipomwuliza baba maana ya pembe, alisema hakujua maana, alijua uso: alichonga pembe za mama yake mzazi na hakuwahi kuchonga za mwingine, na mchongaji wa jirani naye alikuwa na za mama yake. Dada, tembelea Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam uzitazame barakoa, si ili unakili, bali ili uone namna mstari unavyozunguka mfupa wa shavu. Mkono wako ni mviringo, shavu pia ni mviringo. Picha ni bapa, na mistari iliyonakiliwa kutoka kwenye picha itakuwa imebanwa upande mmoja.

#20 KaraniMstaafu

Ushauri wa haraka kwa vijana wanaopita humu: matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na michoro mwilini. Anayefikiria kazi za namna hiyo apange maisha kwanza, mchoro baadaye.

#21 MwaliWaLindi

Nitasema kinyume na wengi, naomba mnistahimili.

Nembo hizi hakuzichagua bibi. Alichanjwa na mtu mwenye dhamana hiyo, katika umri wake, mbele ya wanawake wa kwao. Mjukuu anazichukua kutoka kwenye picha, kwa mashine ya umeme, kwa mtu asiyemjua, mkononi na si usoni. Mstari ni uleule lakini tendo si lile. Msumbiji, baada ya uhuru wa mwaka 1975, chama tawala cha FRELIMO kilizipiga vita alama hizi, na huku kwetu shule na miji vikazimaliza kimyakimya. Kilichokatika kimekatika. Mimi ningechora kitu ambacho bibi alikichagua mwenyewe kwa mikono yake, kwa mfano pambo la korosho, kama lipo kwenye pindo la kanga yake, au lile neno "MAMA" ulilolisoma kwenye kioo. Kanga aliinunua, akaipenda, akaivaa.

#22 MzeeWaTandahimba

Mwali wa Lindi amesema neno zito, na sina jibu kamili. Ila kwetu ukoo hufuatwa upande wa mama, na huyu ni mjukuu kwa binti. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuuliza, ni yeye. Aende akaulize kwa mjomba wake na kwa mama yake mkubwa. Wakikataa, akubali.

Kwa MsomaNyaraka: umetunyang'anya hadithi yetu mchana kweupe, na bado nakuheshimu. Lakini jambo linaweza kuanza kwa sababu moja na kuendelea kwa nyingine. Mama yangu alichanjwa ili apendeze. Mama yake yeye huenda alichanjwa ili apatikane.

#23 MsomaNyaraka

Nalipokea hilo, Mzee, na nakiri kwamba hoja yangu ya mwaka 1873 haiwezi kulivunja.

#24 MjukuuWaNewala (mleta mada)

Wanajukwaa, samahani kwa ukimya wa wiki tatu. Nimerudi juzi kutoka Newala.

Nilifanya kama alivyosema BintiKilindini. Nilichora pembe kwa hina upande wa ndani wa mkono wa kushoto, nne, zikinitazama, kisha nikapanda basi. Mama mkubwa aliushika mkono wangu, akaanza kuzifuata pembe kwa kidole kutoka nje kuja ndani. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, akasimama. Akasema ya nne hakuwahi kuiona kwa mama yake, na kwamba mashavu yote mawili yalikuwa na tatu. Mjomba aliyekuwa ameketi kibarazani akasema hapana, ya nne ilikuwepo kwenye shavu la kushoto, iliongezwa alipomzaa mtoto wa kwanza, ambaye ni mama mkubwa mwenyewe. Nikawaambia kwamba picha ilipigwa kabla hajaolewa, nayo inaonyesha nne. Wakanyamaza wote wawili. Kuhusu maana, mama mkubwa alisema zilikuwa za uzuri na ziliuma sana, na mengine aliyoambiwa hakuambiwa ili anisimulie mimi. Nukta, mjomba alisema ni za kichwa. Msukuma, ulikuwa sahihi, au angalau mjomba yuko upande wako.

Niliomba ruhusa. Mjomba aliniambia nichore, ila si usoni. Mama mkubwa hakusema ndiyo wala hapana. Alinipa kanga yenyewe iliyo kwenye picha, ambayo sikujua kwamba bado ipo. Kwa hiyo, Mwali wa Lindi, nawe umepata sehemu yako, na nitaivaa siku ya kuchorwa.

#25 PichaZaZamani (Tanga)

Dada, karatasi yenyewe ya picha ina mkunjo? Nauliza kwa sababu mkunjo wa zamani ukinakiliwa upya hugeuka mstari.

#26 MjukuuWaNewala (mleta mada)

Unao. Unapita shavuni, karibu sana na ile pembe ya nne, lakini sina hakika kama ni juu yake.

Nukta nimeziacha. Pembe nitachora tatu, na ndani ya ile ya tatu nitaacha ngozi wazi, nafasi inayotosha ya nne. FundiSindano alisema kwenye bandiko #2 kwamba ngozi iliyoachwa wazi ni rangi ya pili. Ikibainika siku moja kwamba mjomba ndiye aliyekumbuka vizuri, mahali pake papo.

#27 FundiSindano (Arusha)

Nafasi hiyo usiiache kwa kukisia. Chora karatasi mbili, moja yenye pembe tatu na nyingine yenye nne, uzilaze moja juu ya nyingine kwenye mwanga wa dirisha, ndipo utaona pembe ya tatu inapaswa kusimama wapi ili ya nne isije ikabanwa. Karatasi zote mbili zihifadhi. Subiri hina ifutike kabisa, umalize dozi za chanjo, kisha siku hiyo ule chakula cha kutosha kabla hujaenda.